Wakuu wa Tehama, ruhusuni vyeti vya TLS vijihuishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa Tehama katika taasisi zetu kuhusu vyeti vya TLS, ambavyo ndivyo vinavyoihakikishia simu ya mteja kwamba imefika kwenye seva halisi.

Taasisi nyingi zimezoea kununua cheti cha mwaka mzima na kumwachia ofisa mmoja kazi ya kukumbuka siku ya kukihuisha. Utaratibu huo umefika mwisho. Aprili 2025 Jukwaa la CA/Browser, linalowakutanisha watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, liliamua kwamba ukomo wa cheti uwe siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kufikia hapo, mwenye huduma 30 kwenye klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja), kila moja na cheti chake, atajikuta akihuisha cheti karibu kila siku ya kazi.

Programu ya kuifanya kazi hiyo ipo, tena hailipiwi: cert-manager huomba cheti kwa Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, hukihifadhi pamoja na ufunguo wake ndani ya klasta, na hukihuisha kabla hakijaisha muda. Kinachokwamisha ni uthibitisho kwamba jina la tovuti linaloombewa cheti ni lako kweli. Njia ya HTTP-01 hutaka porti namba 80, mlango wa seva wa kurasa za kawaida za wavuti, ifikike kutoka intaneti, nayo mara nyingi imefungwa kwa jina la usalama. Njia ya DNS-01, ambayo kati ya hizi mbili ndiyo pekee inayotoa cheti kimoja cha majina yote yaliyo ngazi moja chini ya kikoa, hutaka rekodi ya TXT, yaani maandishi mafupi ya uthibitisho, iandikwe upya kila mara kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, ilhali rekodi za DNS zimeshikwa na idara nyingine, ambayo haigusi kitu bila dokezo lenye sahihi.

Hofu ya idara hiyo naielewa, kwa kuwa anayeandika kwenye kanda kuu, yaani sehemu ya DNS yenye rekodi zote za kikoa, anaweza kuangusha hata barua pepe za ofisi nzima. Lakini hakuna anayeiomba kanda kuu. Rekodi moja ya CNAME, inayowekwa mara moja tu kwa kila jina, huelekeza _acme-challenge, jina ambalo mtoaji wa cheti hulikagua kutafuta rekodi ya TXT, kwenye kanda ndogo ya pembeni, na cert-manager hupewa ruhusa ya kanda hiyo peke yake.

Let's Encrypt nayo iliacha kutuma barua pepe za tahadhari kwamba cheti kinakaribia kuisha muda Juni 2025, hivyo dokezo hilo la CNAME lisainiwe sasa.

Msimamizi wa mifumo,
Dar es Salaam