Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: tunaomba darubini ya watoto itoke stoo

Mheshimiwa Afisa Elimu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimechoka kuambiwa mzee yuko kwenye kikao, na meseji zangu naona umezisoma ila hujibu. Juzi tarehe 7 Septemba 2025 mwezi umepatwa wote, kuanzia kama saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro, anga safi kabisa, watoto wa kidato cha pili na cha tatu wamejaa uwanjani na wazazi wao, wananiuliza mwalimu ile darubini yetu iko wapi. Nikawaambia iko stoo ya ofisi ya elimu. Mmoja akauliza, kwani humo ndani inamsaidia nani? Mheshimiwa, swali hilo nimelileta kwako maana mimi jibu sina.

Darubini ile alituma kijana aliyesoma hapa shuleni kwetu. Wewe mwenyewe ulisimama kwenye mahafali, ukashika maiki, ukasema mbele ya wazazi kwamba itakabidhiwa kabla ya mock. Mock imepita. Mara ya mwisho naambiwa bado haijaingizwa kwenye leja, halafu ukaongeza kwamba watoto wa shule za kata wataiharibu, chombo kile ni cha watu wenye uelewa.

Neno hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu lilishasemwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita huko Scotland na naomba nikukumbushe lilizaa nini. Kulikuwa na mwalimu anaitwa James Gregory, mzaliwa wa maeneo ya Aberdeen mwaka 1638, jiometri alianza kufundishwa na mama yake. Mwaka 1663, kijana wa miaka ishirini na kitu, akatoa kitabu chenye mchoro wa darubini ya vioo: kioo kikubwa kilichobonyea chenye tundu katikati, mbele yake kioo kidogo kilichobonyea pia kinaurudisha mwanga upite kwenye lile tundu, wewe unachungulia kwa nyuma na kitu unakiona wima, hakijapinduka. Akaenda London kutafuta fundi, fundi mwenyewe Richard Reive, akashindwa kuking'arisha kioo inavyotakiwa, kazi ikalala. Newton akatengeneza ya kwake ya vioo 1668 kwa muundo tofauti, na ile ya Gregory ikaja kutengenezwa na mwanasayansi wa Uingereza Robert Hooke mnamo 1673-74. Kwahiyo ujue hata waliobuni hivi vitu walihangaika na vifaa.

Ila kilichommaliza Gregory sio fundi, ni wakubwa wa kazini. Alipewa uprofesa wa hesabu chuo kikuu cha St Andrews, hukohuko Scotland, 1668, akataka chuo kiwe na kituo cha kuangalia nyota, akaenda mpaka kwao Aberdeen kuchangisha pesa milangoni mwa makanisa, akaenda London kununua vifaa. Akashirikiana na wenzake wa Paris wakaangalia kupatwa kwa mwezi kwa pamoja, ili wajue tofauti ya longitudo ya miji yao miwili. Mwezi huuhuu Mheshimiwa. Sasa wenzake chuoni wakaichukia hesabu yake. Aliandika mwenyewe kwenye barua kwamba watumishi wa chuo walikatazwa kumsaidia usiku akiangalia nyota, mshahara wake ukazuiwa, na wanafunzi wakazuiwa kwa nguvu kwenda kwake, wanaambiwa akili zao haziwezi kustahimili masomo yale. 1674 akahamia Edinburgh, kituo cha St Andrews hakukiona kikisimama. Oktoba 1675 akawa anawaonyesha wanafunzi miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupiter) kwa darubini, akapigwa na kiharusi, akafa baada ya siku chache. Miaka 36 tu. Baadae fundi wa darubini James Short akaja kuuza darubini zaidi ya elfu moja, nyingi kwa muundo wa huyo huyo Gregory.

Hivi hao waliosema akili za wanafunzi haziwezi, nani anawakumbuka?

Mimi sijakaa kusubiri. Gregory alipitisha mwanga wa jua kwenye unyoya wa ndege akaona rangi zinajipanga ukutani, nami nimefunga madirisha ya darasa, nimetoboa boksi, nimeweka unyoya mweupe wa kuku, watoto wamenyamaza kimya halafu wakaanza kupiga kelele wote, wanagombania kushika. Hao ndio wasioweza? Nauli ya bodaboda kufuata darubini ofisini kwako natoa mfukoni, na malimbikizo yangu ya mshahara bado sijalipwa mpaka leo, lakini hayo leo siyadai, nataka darubini tu.

Sijui kinachokwamisha. Labda ni leja kweli, labda kuna mtu anaitaka nyumbani kwake, labda ni kwa sababu haikupitia mikononi mwenu tangu mwanzo, nabahatisha tu maana hakuna anayetueleza. Ninachojua ni kwamba nimeliona boksi kwa macho yangu, liko chini sakafuni, kona moja imelowa na karatasi inabanduka, na bati la stoo linavuja. Kioo cha darubini kikikaa kwenye unyevu kinaharibika, na vuli hiyo inakuja.

Kupatwa kwa mwezi wote kutakakoonekana tena huku kwetu ni 31 Desemba 2028. Watoto waliokuwa uwanjani juzi wote watakuwa wameshamaliza shule. Hiyo nafasi imeshapotea, hamuwezi kuwarudishia. Ila Mshtarii na miezi yake bado wanaweza kuiona mwaka huu huu, alfajiri kabla ya kengele, kama mkitoa hilo boksi.

Jumatatu asubuhi nakuja na mkuu wa shule na wazazi wawili. Leja tutasaini, karatasi yoyote mtakayotuwekea mbele tutasaini, kama kuna faini tutachanga. Tunaomba tumkute mwenye funguo. Tupeni darubini ya watoto, Mheshimiwa.

Mwalimu wa fizikia