Barua ya Malalamiko: Mmezima Taa, Gari Hamkulikagua

Mama Salim,
Shella, Malindi.

Kwa Meneja wa Gereji,
Tawi la Malindi.

Bwana Meneja,

KUH: SERVISI NILIYOILIPIA SH. 17,400 NA HAIKUFANYWA

Kwa heshima zote naandika. Nimengoja siku tatu hasira ishuke ndipo nishike kalamu, na haijashuka. Nitajitahidi kuwa na adabu kwa sababu nimelelewa hivyo, lakini naomba barua hii isomwe mpaka mwisho, na nisijibiwe kwa ule ujumbe wa simu unaoanza na "Mpendwa mteja".

Gari mnalijua, na kumbukumbu zake zote ziko kwenye kompyuta yenu. Spana ya njano, ile taa ya kukumbusha servisi, iliwaka kwenye dashibodi, na ujumbe wenu wa kunikumbusha ukaja siku mbili baadaye. Nikalileta. Nilikaa kwenye benchi lenu tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa. Nikapewa ufunguo, risiti, na karatasi ya ukaguzi yenye tiki thelathini na nne. Spana imezimika. Nikalipa, nikawashukuru.

Siku ya tisa nilikuwa natoka Mombasa na mama yangu mzazi, jicho moja limefungwa bandeji. Mlio ulianza Matsangoni, mwembamba, kama kisu kinachonolewa. Nikadhani ni lori la mbele. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulipoanza ubavuni, ikawaka taa nyekundu, ile ya duara yenye alama ya mshangao katikati. Nyekundu, Bwana Meneja, si njano. Njano humwambia mtu apange siku ya kwenda gereji, nyekundu humwambia asimame. Nikapunguza mwendo, natafuta pa kuegesha, mama nyuma anauliza ni nini kinacholia. Pale Mida mbuzi wawili wakakata barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikasikia chuma kinasaga chuma, gari likavuta kulia, likasimama hatua nne kupita pale walipokuwa mbuzi. Mbuzi walishavuka, alhamdulillahi. Mama yangu aligonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, upande uleule wa jicho lililotoka kupasuliwa.

Tulifika Gede kwa mwendo wa mkokoteni. Fundi niliyempata hana sare wala kompyuta, anafanyia kazi chini ya mkorosho. Alivua tairi la mbele la kushoto akaniita nije nione kwa macho yangu. Pedi ya breki imekwisha hadi kwenye bati, na diski inayobanwa na pedi imechimbwa mtaro ambao ukucha wangu uliingia. Akafungua kopo la mafuta ya breki. Yalikuwa yameshuka chini ya alama, na meusi kama kahawa. Akanieleza taratibu kwamba pedi zikiliwa, mafuta hushuka kwenda kujaza ile nafasi, ndipo taa nyekundu ikawaka. Akaniambia pia kwamba mtu akinionea angeongeza mafuta kidogo tu, taa ingezima, nami ningeondoka na pedi zilezile.

Karatasi yenu ninayo hapa. "Pedi za mbele: zimebaki asilimia 60." "Mafuta ya breki: yamebadilishwa." Pedi gani inaliwa yote kwa safari moja ya Mombasa, kwenda na kurudi? Mafuta gani yanageuka meusi kwa siku tisa?

Hapo ndipo nilipomwomba yule fundi afungue na sanduku la filta ya hewa. Risiti yenu inasema filta mpya, sh. 1,800. Ndani ilikuwemo filta nyekundu kwa vumbi la barabara ya Marafa, na jani kavu la mwarobaini limenasa kwenye mikunjo. Pembeni mwake kuna maandishi. Marehemu mume wangu alikuwa na desturi kwamba filta mpya haipachiki kabla hajaiandika kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Yalikuwapo: 62,340, na chini yake herufi zake mbili za jina. Gari lilikuwa na kilomita 84,600 mlipolipokea. Filta mliyoniuzia kama mpya imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyezikwa mwaka juzi.

Jumatatu nikaja kwenu. Nilikuja kwa upole, na filta nimeifunga kwenye gazeti, kwa sababu niliamini kumetokea makosa na mtayarekebisha. Niliiweka juu ya kaunta pamoja na risiti. Kijana wa mapokezi hakuigusa, aliisukuma kwa ncha ya kalamu. "Mama, spana si imezima? Taa isipowaka gari liko sawa." Nikamwomba nionane na fundi aliyetia zile tiki. Akaniambia, benchi zima linasikia: "Mambo ya gari ni ya wanaume, mama. Mwambie mzee wa nyumbani aje, tutaelewana naye."

Mzee wa nyumbani ndiye aliyeiandika ile filta.

Sasa tuzungumze hiyo spana ambayo kijana wenu ameifanya hoja. Kitabu cha gari nimekisoma. Spana haina macho. Inahesabu kilomita na miezi tangu mara ya mwisho mtu alipoirudisha sifuri, na kwa gari langu ni kilomita 10,000 au miezi 12, kitakachotangulia. Yapo magari mapya yanayokadiria umri wa oili kwa joto la injini na wingi wa safari fupifupi, lakini hata hayo hayajui kama filta imebadilishwa au imepigwa kofi ikarudishwa. Kuirudisha sifuri ni kubonyeza, kazi ya dakika moja, na hiyo ndiyo kazi mliyoifanya kwa uhakika. Gari langu halina waya wa kuipima pedi. Tairi la spea halina taa. Mafuta ya breki yakizeeka hayawashi taa yoyote. Ukaguzi uliwekwa kwa sababu hiyo, mtu avue tairi, ainame, aangalie pale ambapo kompyuta haifiki. Mkiuondoa ukaguzi mkabakisha kuzima taa, mmempaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anaondoka akiwa na imani ambayo ingalikuwa afadhali asiwe nayo. Mimi spana ilipokuwa inawaka niliendesha kwa hadhari. Mlipoizima nikampakia mama yangu.

Na haya mafuta ya breki msiyachukulie kuwa ni jambo dogo. Yananyonya unyevu wa hewa, mnalijua hilo kuliko mimi. Maji yakishaingia, breki zikipata moto maji yanachemka, pedali inalainika mguuni. Ndiyo maana magari mengi huwekewa miaka miwili ya kuyabadilisha, hata kama gari halikwenda mbali. Hapa kwetu chumvi ya mezani inalowa ndani ya kopo usiku mmoja. Upepo wa kusi ukivuma, vichwa vya betri vinaota ukungu wa kijani. Tawi la Malindi lilipaswa kukagua zaidi ya tawi la bara, si chini yake.

Nimeipitia karatasi yenu tiki kwa tiki. "Tairi la spea: upepo sawa." Juu ya spea palikuwa na gunia la nazi kutoka Mambrui, nililolifunga mwenyewe kwa kamba ya katani kwenye ndoano ya buti. Nililikuta na fundo langu lilelile. "Diski za nyuma: nzuri." Gari langu nyuma lina breki za dramu, halina diski. "Mkanda wa taimingi: sawa." Injini yangu haina mkanda huo, inatumia mnyororo. Aliyetia tiki hizi hakulifungua gari, na sidhani alilitazama. Haki ni haki, oili mmebadilisha. Nilivuta kijiti nikaiona safi, rangi ya asali, na filta ya oili ni mpya. Kwa hilo siwazulii. Lakini oili ndiyo kitu ambacho mteja huweza kukichungulia mwenyewe kwa urahisi, na hilo nalo limenikera kuliko kama msingefanya chochote.

Kisha nikarudi kwenye faili langu la risiti. Servisi ya kilomita 74,500 nayo niliifanya kwenu, nayo ina filta mpya ya hewa, nayo nimeilipia. Ikiwa iliyokuwemo ni ya 62,340, ile nyingine iko wapi? Nimelipia filta mbili na sina hata moja.

Nirudi pale kaunta, kwa sababu hapo juu nimeruka jambo ambalo mkono uliona haya kuliandika. Alipotamka "mzee wa nyumbani" nilinyamaza. Kijana wenu akadhani nimeshindwa, akarudia kwa sauti ya juu zaidi, "Mzee aje, mama, tutaelewana naye." Mwanangu Salim, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama kando yangu na sare ya shule. Ndiye aliyemjibu. Alisema polepole, kwa adabu, "Baba alishafariki." Kijana wenu hakusema pole. Hakusema innalillahi. Aliinyanyua ile filta kwa vidole viwili akaitupa kwenye pipa la taka chini ya kaunta, juu ya vikombe vya chai, akapangusa mikono, akaita anayefuata. Niliinama na buibui langu mbele ya watu wote nikaitoa pipani. Chai ilikuwa imeshaingia kwenye wino. Ile 6 ya mwanzo haisomeki vizuri tena.

Salim hakusema neno njia nzima hadi nyumbani. Usiku akaniuliza kama mwandiko unaweza kukaushwa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeandika kwenye daftari nitadai sh. 7,000: filta 1,800, mafuta ya breki 2,200, na ukaguzi 3,000. Nimeufuta mstari huo. Nataka sh. 17,400 zote, maana servisi ni kitu kimoja na imani ikivunjika haiuzwi vipande vipande. Nataka sh. 6,300 nilizolipa Gede kwa pedi, mafuta ya breki na kazi ya fundi. Nataka pesa ya filta ya servisi ya 74,500. Nataka diski za mbele zibadilishwe kwa gharama yenu katika gereji nitakayoichagua mimi, kwa sababu kwenu gari langu haliingii tena. Nataka maandishi, yenye sahihi ya fundi aliyelishika, yakisema nini kilifanywa na nini hakikufanywa.

Na nataka wateja wote waliohudumiwa siku ile wapigiwe simu warudi wakaguliwe bure. Aliyeketi karibu nami benchini ni baba anayebeba watoto wa madrasa. Alipewa karatasi kama yangu. Nimeona tiki zake, mkono ni mmoja, kalamu ni moja. Hili silipunguzi hata kwa shilingi.

Yule kijana ataniomba radhi, mimi na mwanangu, palepale kaunta alipotutolea maneno yale, wewe Bwana Meneja ukiwa umesimama hapo.

Barua ilikuwa iishie hapa. Lakini jana usiku, nikiwa na kalamu mkononi, simu ikalia. Ni ujumbe wenu. Unamshukuru marehemu kwa jina lake kamili kwa kuwachagua, na kumkumbusha kwamba servisi yake ijayo ni kilomita 94,600. Mwaka jana nilikuja na cheti cha kifo mkononi ili jina libadilishwe, nikaambiwa limeshabadilishwa. Kwa hiyo naongeza: jina la mume wangu litoke kwenye mitambo yenu, na nipewe uthibitisho kwa maandishi.

Nawapa siku saba tangu siku mtakayoipokea barua hii, ambayo naileta mwenyewe na nitataka nakala yangu igongwe muhuri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, ya kupewa maelezo anayoyahitaji, ya kulindwa usalama wake, na ya kufidiwa akipata hasara. Mahakama ya madai madogo inasikiliza madai ya hadi sh. 1,000,000 na hailazimishi mtu awe na wakili. Mimi nitakwenda bila wakili. Huko sitadai hesabu ya hapo juu pekee, nitadai na matibabu ya jicho la mama yangu, ambalo daktari ameagiza lirudishwe Mombasa kuangaliwa, na nitadai yale ya kaunta pia. Fundi wa Gede amekubali kuja kusema alichokiona. Pedi zilizokwisha anazo. Filta ninayo mimi, nimeitia kwenye mfuko wa plastiki, na nimeipiga picha mwandiko ukiwa bado unasomeka na baada ya kutiwa chai.

Nipigieni nyinyi wasimamizi, baada ya saa kumi, nikiwa nimetoka kazini. Yule kijana asinipigie.

Mteja wenu,
Mama Salim.