Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zihamishieni msimu wa malipo ya tumbaku

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka yote kimyakimya ila ile habari yenu ya kinamama wa Tabora "kuhamasishwa" kupinga ukatili imenishinda. Picha kubwa ni mgeni rasmi na shada la maua, sisi tuko nyuma na sare zetu za kitenge tunapiga vigelegele. Kahamasisha nani? Kikundi chetu kilianza kama kikoba tu, mashemeji walivyozidi kuwanyang'anya wajane mashamba tukaanza kusindikizana baraza la ardhi la kijiji, tunawakumbusha kwamba kati ya wajumbe 7 watatu lazima wawe wanawake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila ya kumnyima mwanamke ardhi ni batili. Mgeni rasmi siku hizo hatukumuona.

Msimu uliopita jirani yangu kahangaika na tumbaku tangu kitalu mpaka kufunga majani na kukesha anachochea moto kwenye bani la kukaushia, malipo yakaingia akaunti ya mume maana ndiye mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bwana akapotelea mjini, karudi mifuko mitupu, mke kuuliza hela ya sare ya mtoto kapigwa mpaka jicho likafunga. Tukampakia bodaboda usiku uleule, kufika kituoni eti PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, zimeisha katoeni kopi, sasa saa sita usiku kopi tunatoa wapi jamani? Mwenzetu kanga imelowa damu, askari kakaa anauliza "kwani alimjibuje mumewe?" Nauli ya boda tulitoa mfuko wa jamii wa kikoba, hela ya misiba ile.

Na hiyo asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya kukopesha wanawake, mkiandika muulize inaenda wapi. Sisi kila tukipeleka maombi mara katiba ya kikundi haina muhuri, mara andiko lichapwe upya.

Ushauri wangu ni huu. Siku 16 zinaanza 25 Novemba, huku ndio tunapanda miche, hela hamna, hata wanaume wametulia. Zihamishieni mwezi wa saba masoko ya tumbaku yakichangamka, mgeni rasmi alale kijijini siku ya malipo, aje na rimu nzima ya PF3 na boda lililojaa mafuta. Fulana asilete, za mwaka juzi tunadekia.

Mwanakikundi,
Kaliua