SAUT haikuanza mwaka 1998

Mhariri,

Nina vyumba vya kupangisha Malimbe, na kila mwaka wanafunzi wapya huniambia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilianza 1998. Kwa hadhi ya chuo kikuu, sawa. Lakini sisi wa Nyegezi, hapa Mwanza, tunahesabu tangu 1960, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alipoanzisha hapa kituo cha mafunzo ya jamii. Uhasibu na uandishi wa habari vilifundishwa Nyegezi miaka mingi kabla ya joho la digrii. Uliza hapo chumba chako cha habari, hutakosa mtu wetu.

Kwenye matawi ndiko watu wanakochanganyikiwa zaidi. Mwenge ya Moshi, Ruaha ya Iringa na hata Bugando, hapa hapa Mwanza, vilikuwa vyuo vishiriki vya SAUT, sasa vinajitegemea. Mzazi mmoja alinilipa kodi ya chumba, kumbe mwanawe kachaguliwa Mwenge! Pesa nilimrudishia, nauli nisingeweza.

Naomba gazeti, udahili ukifunguliwa, lichapishe kila chuo na mji wake.

Mama Mwenye Nyumba,
Malimbe, Mwanza