Nina miaka 38, bado nabisha hodi nipate kazi serikalini

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni samurai wa ngazi ya chini hapa Edo, Japani, mtumishi wa shogun, mtawala wetu wa kijeshi, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka 12. Baba alipofariki nilirithi posho yake ya magunia 40 ya mchele kwa mwaka, lakini wadhifa sikuupata. Sisi tusio na kazi huitwa kobushin, yaani watu wa ukarabati mdogo. Zamani walitoa vibarua wa kukarabati majengo ya serikali. Siku hizi tunatozwa dhahabu badala yake. Hatuna kazi, na tunaulipia huo ukosefu wa kazi!

Miaka 9 sasa, kila siku ya kuonana na mkuu wa kundi letu naamka gizani, navaa vazi langu pekee la heshima, nangoja zamu yangu nitaje jina na ninachokiweza. Mwezi uliopita aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kumweleza mke wangu.

Mchele tunagawiwa kwenye maghala ya Asakusa mara tatu kwa mwaka. Wangu unaishia kwa dalali wa mchele anayenidai. Mwaka 1789 serikali ilifuta madeni ya zamani, tukashukuru sana, ila madalali wakawa wagumu kukopesha. Tunaishi kwa kubandika karatasi za miavuli usiku.

Sasa mjomba anataka nikope tena nimpelekee mkuu zawadi nzito, kama wafanyavyo wengine. Mimi moyo uko kwenye mtihani wa serikali wa elimu ya Confucius, mwanafalsafa wa China, ulioanzishwa mwaka 1792. Mwaka 1794 mlinzi mmoja wa hadhi kama yangu alishika nafasi ya kwanza kwenye mtihani huo katika kundi la hadhi yetu akiwa na miaka 46, na baadaye akapewa kazi idara ya fedha. Usiku mwanangu hunisomea kwa sauti nikiwa nabandika. Nikishika kitabu kuhakiki neno, naacha gundi. Kurasa kadhaa zimeshagandana.

Lakini kusoma sawasawa ni kuacha miavuli. Mke wangu yuko radhi tule mlo mmoja kwa siku mpaka mtihani upite. Naogopa kumkubalia, kwa sababu nikifeli, mtoto atarithi deni na njaa aliyoivumilia bure.

Nimsikilize mjomba au mke wangu? Tafadhali nijibu kabla ya mgao wa masika, maana mjomba ameshazungumza na dalali.