Barua kwa mwanangu anayetaka kuhamia Masaki

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu zangu. Hapa nyumbani hatujambo. Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama milioni nane kwa mwezi, yaani mshahara wako na wa mumeo kwa pamoja, zinatosha kuishi Masaki, huko Dar es Salaam, kwa raha na watoto wawili. Hazitoshi. Lakini jibu la neno moja halikusaidii, kwa hiyo chukua kalamu tupige hesabu pamoja, uone zinapungukia wapi na zingetosha zikiwa ngapi.

Kwanza, hiyo milioni nane ipo kwenye barua za ajira, benki haifiki. NSSF inachukua asilimia 10. Kinachobaki ndicho kinachokatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara: 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, halafu viwango vinapanda 8, 20, 25, hadi asilimia 30 kwa kila shilingi iliyozidi milioni moja. Kwa mtu wa mshahara kama wenu kuna njia ya mkato: zidisha mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, kwa 0.63, kisha ongeza 172,000. Wewe mwenye 4,500,000 unabaki na 3,007,000. Mumeo mwenye 3,500,000 angebaki na 2,377,000, ila Bodi ya Mikopo, kwa mkopo wake wa chuo, inamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 525,000, kwa hiyo anashika 1,852,000. Jumla yenu ni 4,859,000. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi, na ukiona mtu anapanga maisha kwa namba ya barua ya ajira, ujue mwezi wa tatu anakopa.

Humo humo kuna jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu. Ukishavuka kiwango cha asilimia 30, kila laki moja unayotaka kuishika mkononi inadai kama 159,000 kwenye mshahara ghafi. Nyumba ikipanda kodi kwa laki tano, nyongeza ya mshahara ya laki tano haiifidii. Unahitaji karibu laki nane. Ndiyo maana watu wanapandishwa cheo, wanahama mtaa, na mfuko unabaki ule ule.

Sasa Masaki yenyewe. Chukua fleti ya vyumba vitatu isiyoangalia bahari, ya jengo la zamani kidogo, bila samani. Kadiria 3,000,000 kwa mwezi, na 200,000 nyingine za huduma za jengo: ulinzi, usafi, lifti, mafuta ya jenereta. Uliza kabla kama hizo laki mbili zimo ndani ya kodi au zinakuja peke yake. Madalali wana tabia ya kuzikumbuka siku ya kukabidhiana funguo.

Umeme ndio unaowashangaza wageni wa upande ule. Kwa mteja wa kawaida uniti moja ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356. Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya zamani, kikiwashwa kwa muda wa saa nane kila usiku, kinakula kama uniti sita. Vyumba vitatu ni uniti 18 kwa usiku mmoja, shilingi 6,400 hivi, nawe bado hujapasha maji wala kupiga pasi. Hita ya maji inayoachwa imewashwa mchana kutwa inaongeza nyingine nyingi bila mtu kuoga. Weka 230,000 kwa umeme, na Desemba hadi Machi usishangae ikizidi. Vya inverter vinakula pungufu, basi ukienda kuona nyumba soma kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine kabla hujasifia marumaru. Angalia na mita: kama si LUKU ya fleti yako mwenyewe bali ni mita ndogo ya mwenye nyumba, muulize uniti anaiuza shilingi ngapi, na aiandike kwenye mkataba. Tena kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Mwambie airudishe kwenye kodi ya pango.

Maji nayo yana yake. Majengo mengi ya rasi ile yanachanganya maji ya DAWASA na ya kisima, na kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Fungua bomba la jikoni uonje. Yakiwa na chumvi, sabuni haitoi povu, bomba zinaota kutu, na hita inajaa magamba ndani mpaka koili inakatika. Ya kunywa na kupikia utanunua. Kwa maji na gesi pamoja weka 120,000, ili umeme, maji na gesi zifike 350,000.

Chakula na vitu vya ndani, 1,400,000 kwa watu watano ukimhesabu dada. Hapa ndipo mtaa unapokula pesa kimya kimya, kwa sababu duka la karibu ni supamaketi na kila kitu kimefungwa kwenye plastiki. Anayeteremka soko la Namanga pale Msasani kwa mboga na matunda, akaenda soko la Feri asubuhi na mapema kwa samaki, anapunguza hiyo namba sana. Dada wa kazi, mshahara na mchango wake wa NSSF, 250,000. Na tafadhali mwandikishe.

Magari mawili: kila moja likitembea kilomita 40 kwa siku za kazi 22 ni kilomita 880. Gari la cc 1,500 kwenye foleni za Dar linapata kilomita 11 kwa lita, basi ni lita 80, na kwa bei ya 2,900 unatoa 232,000. Mara mbili ni 464,000. EWURA hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, usiing'ang'anie namba yangu. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake: gari la milioni 25 linadai 1,032,500 kwa mwaka. Ukiweka matairi, oili na fundi, 800,000 kwa mwezi kwa magari yote mawili ni ya haki. Nikiri kwamba hapa Masaki ina faida yake. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, kutoka Coco Beach hadi Posta si safari tena, na mtu anayefanya kazi mjini anaweza kuliuza gari la pili. Ukiliuza, toa 400,000 kwenye hesabu.

Shule. Ya mchepuo wa Kiingereza ya hali ya kati, ada pamoja na basi, chakula na sare, kadiria milioni saba kwa mtoto kwa mwaka. Wawili ni 14,000,000, sawa na 1,170,000 kwa mwezi. Sizungumzii shule za kimataifa za mtaa huo. Zile ni hesabu ya dola kwa maelfu, na wengi wa wazazi wake wanalipiwa na mwajiri. Usijipime nao. Shule ya msingi ya serikali ya kawaida haina ada, ingawa najua mumeo atakunja uso.

Yaliyobaki nayapita haraka: intaneti na vocha 200,000, dawa na daktari yale ambayo bima ya kazini haigusi, 150,000, nguo, matembezi na zawadi 500,000, maana mtoto wa Masaki anaalikwa bethidei kila Jumamosi na haendi mikono mitupu. Wazazi wa pande zote mbili na michango, 500,000. Usiipunguze hii. Ukoo ukishasikia umehamia huko, kadi ya harusi uliyokuwa unaandikiwa ya singo inakuja ya dabo.

Jumlisha: 8,520,000. Hapo hujaweka akiba hata senti. Ukitaka kuweka 1,280,000 kila mwezi, na mimi nasema bila hiyo si raha bali ni kujionyesha, mnahitaji 9,800,000 mkononi. Rudisha kwenye mshahara ghafi: toa 344,000, yaani 172,000 mara mbili, gawa kwa 0.63, unapata milioni 15 za watu wawili wasio na deni la Bodi ya Mikopo. Kwa mshahara wa mtu mmoja ni milioni 15.3, kwa kuwa viwango vya chini vya PAYE anavipitia mara moja tu. Maisha hayo hayo Mikocheni, kwenye nyumba ya 1,500,000, yanadai milioni 12.6 za watu wawili.

Lakini kinachowaangusha watu zaidi ya kodi ya mwezi ni siku ya kuingia. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Miezi sita ni milioni 18. Amana ya mwezi mmoja, milioni tatu. Dalali, mwezi mmoja, milioni tatu nyingine. Ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, 360,000. Ongeza lori, mapazia na fundi wa viyoyozi, unavuka milioni 25 kabla hujalala usiku wa kwanza. Anayekopa benki milioni 18 kwa asilimia 17 kwa miaka miwili anarejesha kama 890,000 kwa mwezi, na wakati huo huo lazima aweke 3,000,000 kila mwezi kwa ajili ya miezi sita inayofuata. Anabeba kodi mbili. Kwa kawaida mwezi wa tano ndipo simu za kuazima zinapoanza. Kama pesa ya kuingilia haipo taslimu, msihame, hata mshahara ungeruhusu.

Tarehe ya kuanza mkataba nayo ichague kwa makusudi. Awamu kubwa za ada zinaangukia Januari na Julai, na mkataba ulioanza Januari unarudi Julai. Omba uanze Mei, awamu ya pili iwe Novemba. Wenye nyumba wengi hawajali mwezi, wanajali pesa.

Halafu suala la dola. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba wako uandikwe shilingi. Bado wapo wanaofikiri kwa dola na kukuandikia shilingi "kwa bei ya siku hiyo". Kifungu hicho kifutwe. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600: kodi ya dola 1,200 ilipanda kwa zaidi ya 360,000 bila mwenye nyumba kubadilisha hata kitasa.

Sasa tuje kwenu, wenye 4,859,000. Ushauri wangu ni kodi isiyozidi 1,200,000. Chakula 900,000, umeme, maji na gesi 200,000, dada 200,000, gari moja 450,000, shule ya milioni tatu kwa mtoto kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi, simu 130,000, dawa 100,000, nguo na matembezi 200,000, michango na wazazi 300,000. Inabaki 679,000 ya akiba. Kwa pesa hiyo tafuteni Mikocheni au Msasani, hatua chache kutoka huko huko unakokutamani. Ila Msasani muangalie Bonde la Mpunga, na Mikocheni mitaa iliyo chini: nendeni siku ya mvua za masika, au angalieni alama ya maji kwenye kuta za majirani. Mlinzi wa nyumba ya pili atawaambia maji yalifika wapi, dalali hatawaambia.

Mumeo achukue taarifa ya salio lake Bodi ya Mikopo. Deni likiisha, 525,000 zinarudi mfukoni kila mwezi, na ni sawa na nyongeza ya mshahara ya zaidi ya laki nane. Hapo ndipo mfikirie kodi ya 1,700,000, si kabla.

Mkataba wowote watakaokupa, nitumie picha za kurasa zote kabla hujaweka sahihi, hasa ukurasa wa amana na wa nani anatengeneza viyoyozi vikiharibika. Nitapitia siku hiyo hiyo.

Nisalimie wajukuu.

Mama yako