Kaka na mdogo wangu wako rufani, wakili ni mmoja

Mshauri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, salaam. Naandika kutoka Dodoma mjini ninakouza mafuta ya alizeti, lakini jambo lenyewe ni la nyumbani kijijini, wilaya ya Bahi. Mnivumilie kwa urefu, maana nikilikata halitaeleweka.

Kaka yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho walitiwa hatiani na Mahakama Kuu kwa mauaji, wakahukumiwa kunyongwa. Wapo gereza la Isanga. Taarifa ya kukata rufaa waliitoa kupitia gereza ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka, na sasa rufaa yao imepangwa kusikilizwa na majaji watatu katika kikao kijacho cha Mahakama ya Rufani hapahapa Dodoma.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Wenye majaruba ya mpunga Bahi wanajua mambo yanavyokuwa mvua ikisuasua: mfereji mmoja, wagombea wengi, na anayewahi kuufungua usiku ndiye atakayevuna. Kwetu ulianza kabla sijazaliwa, kwa mpaka wa minyaa uliong'olewa. Ukaenda baraza la kata, ukarudi. Ng'ombe wakakatwa mapanga, zizi likachomwa, watoto wa koo mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Kisha usiku mmoja baba mmoja wa upande wa pili akafia pembeni ya mfereji, ana jeraha moja la kichwani. Namheshimu marehemu. Sikuja hapa kusema hakustahili kuishi.

Mke wake alitoa ushahidi kwamba aliwatambua wote wawili kwa mbalamwezi na mwanga wa tochi. Kaka, mama huyo alimtaja usiku uleule kwa mtendaji wa kijiji. Mdogo wangu alikuja kutajwa polisi baada ya mazishi, ndugu wa marehemu walipokwisha kukaa vikao vyao. Wakili amenieleza kwamba hapo ndipo penye nguvu kwa mdogo wangu. Tangu kesi ya 1980 ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, mahakama haikubali utambuzi wa usiku hivihivi. Inataka shahidi aeleze mwanga ulikuwa na nguvu gani, alikuwa umbali gani, aliwaona kwa muda gani, na kama aliwafahamu kabla. Na kesi ya Marwa Wangiti ikasisitiza uzito wa kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo. Isitoshe, tochi yenyewe walikuwa nayo waliokuja, ikimmulika yeye mama. Mwambie mtu akumulike usoni usiku wa leo, uone kama utamjua ni nani.

Mdogo wangu alijitetea kwamba siku hiyo alilala Kigwe kwa mjomba, na mjomba alikuja akasema hivyo hivyo kizimbani. Lakini utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio unatakiwa utolewe taarifa mapema, kabla ya kujitetea. Haikutolewa. Jaji akaamua kutoupa uzito.

Sasa nafika penye kiini. Kuna karatasi moja, maelezo ya onyo ya kaka, yaani yale aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Yameandikwa hivi kwa ufupi: "Tulikwenda mimi na mdogo wangu kuangalia maji, tukamkuta ameziba. Akaniwahi na mpini wa jembe begani, nami nikampiga fimbo mara moja, akaanguka." Kaka aliyakana mahakamani, akasema alipigwa. Ikafanyika kesi ndani ya kesi, yaani jaji akasikiliza kwanza kama aliyatoa kwa hiari, maelezo yakapokelewa.

Wakili waliyepewa na mahakama anawatetea wote wawili. Ni mtu mwema, ananipokea bila kunikimbiza. Yeye anasema kaka alikamatwa asubuhi na maelezo yakaandikwa jioni, wakati sheria inatoa saa 4 tangu kukamatwa mpaka polisi waombe kuongezewa muda, na hakuna aliyeomba. Kwa hiyo ataiomba mahakama iyaondoe maelezo yale kwenye ushahidi.

Nikafurahi. Nikampelekea wakili mwingine wa kujitegemea mwenendo wa kesi ausome, nipate maoni ya pili. Huyo ndiye aliyeniharibia usingizi.

Aliniambia: "Dada, karatasi hii ikiondoka, mdogo wako huenda akatoka. Ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake halimfungi mtu, na huyo shahidi mmoja wa usiku ni dhaifu kwake. Lakini kaka yako je?" Nikamuuliza wakili huyo, kaka kafanyaje. Akasema mahali pekee katika kesi nzima panaposema kulikuwa na ugomvi, kwamba marehemu ndiye aliyeanza, kwamba pigo lilikuwa moja, ni kwenye karatasi hiyohiyo. Ikibaki, kaka anaweza kuomba iwe kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini majaji wana nafasi ya kutoa miaka. Ikiondoka, anabaki na yule mama anayemfahamu tangu utotoni na aliyemtaja usiku uleule. Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni moja tu.

Yaani kinachomwokoa mmoja ndicho kinachomzamisha mwingine. Nilirudia kuisoma ile karatasi mpaka nikaijua kwa kichwa, nikitafuta pa kupita. Sikupaona.

Wakili wa kwanza nilipomrudia hakubisha. Alisema inawezekana kusema yote mawili, hoja ya kwanza iwe kuiondoa karatasi, na kama haitaondolewa, basi hoja ya akiba iwe ugomvi. Wa pili anasema majaji wakishasikia ile ya akiba kutoka kinywa kilekile kinachomsemea mdogo wangu, inakuwa kama wote wawili wamekubali walikuwepo. Anataka asimame kwa mdogo wangu peke yake. Ameomba fedha ambayo ninayo, lakini ndiyo yote niliyonayo, ni mtaji wa alizeti za msimu huu. Nilikwenda kuulizia msaada wa kisheria, wakasema ndugu zangu tayari wana wakili.

Baba hataki kusikia. "Walitoka tumbo moja. Watarudi pamoja au watabaki pamoja." Yeye na wazee wanataka fedha hiyo inunue ng'ombe wa kupatana na ukoo wa marehemu kabla ya siku ya rufaa, wakiamini wale wakipokea, kesi itafutika. Kupatana nakutaka sana, hata kesho, maana watoto wetu wanachota maji kisima kimoja. Lakini kesi ya mauaji ni ya Jamhuri. Hakuna karatasi ambayo mjane anaweza kusaini ikaimaliza. Nimemweleza baba, akaniuliza tangu lini nimekuwa jaji.

Kaka naye ndiye aliyeuza maksai wake wa kulimia nikaenda chuo. Nilipomtembelea mwisho aliuliza kama mpunga umeshika na nani analima jaruba la juu. Nikamwambia lile la karatasi. Akatazama mikono yake muda, akauliza, "Baba anasemaje?" Muda wa kuonana ukaisha. Kaka hajawahi kuniambia hakuwepo. Mdogo wangu kila nikienda neno lake ni moja: "Dada, sikuwepo, na kaka anajua." Mimi namwamini. Lakini wakili ameshanionya kwamba rufaa si mahali pa kusikiliza mashahidi upya. Majaji wanasoma kilichoandikwa, kwa hiyo hata kaka akitaka leo kusema mdogo hakuwepo, si rahisi apewe nafasi.

Watu wananiliwaza kwamba tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Waende wakamwambie hivyo mdogo wangu, aliyeingia hajafika hata miaka 25. Na juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine. Kuna maombi ya mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo iuangalie upya uamuzi wake, ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana zinazojulikana, kisha msamaha wa Rais. Kosa likipita hapa, ndiyo basi.

Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuwa na ndugu wawili kwenye rufaa moja. Kutenganisha mawakili kuliwasaidia, au majaji waliona familia inatupiana mzigo? Kuna aliyefanikiwa kumshawishi mzee aache ng'ombe kwanza? Na mawakili mnaosoma hapa, ile hoja ya akiba ina madhara kweli kwa yule mwingine, au huyu wa pili ananitisha nimlipe?

Mwenyewe naelekea kumlipa. Ninachoshindwa ni kaka. Nimweleze kabla, gerezani, kwamba nimemwajiri mtu atakayeomba karatasi yake itupwe, au nimwache asikie siku hiyohiyo mbele ya majaji? Hilo naomba mnijibu kwanza, kwa sababu zamu yangu ya kumtembelea ni Jumapili hii.

Dada wa Bahi, Dodoma